Wati Elfu Kumi Katika Chumba cha Futi Kumi

Wapo wasomaji watakaouliza imekuwaje mwalimu wa sayansi ya siasa, aliyezoea kuandika juu ya Katiba, serikali za mitaa na bajeti, ayaweke hayo kando ashike kalamu kwa ajili ya sabufa. Jibu langu ni kwamba sijaweka kando chochote. Pale ambapo familia sita zisizo na undugu zinalala chini ya paa moja, zikitenganishwa na ukuta wa tofali la inchi sita, sabufa ni jambo la utawala. Nani ana haki ya kuijaza hewa ya nyumba? Nani amlinde mnunuzi asidanganywe? Na nani amlinde jirani ambaye hakununua kitu? Maswali haya ni ya dola, hata kama yanaulizwa juu ya boksi lililosukumwa pembeni mwa kitanda.

Hoja yangu naitanguliza ili asiyekubaliana nayo ajue mapema anapingana na nini. Sabufa zinazouzwa kwa wingi kwa vijana wetu hazifai kwa vyumba wanavyoishi. Zinauzwa kwa takwimu ya uongo, iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya macho ya vyombo tulivyovianzisha kwa sheria ili kuuzuia uongo wa namna hiyo. Na gharama yake inalipwa na watu wawili: mnunuzi, ambaye hapati muziki, na jirani yake, ambaye hapati usingizi.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wasomi wanaokunja uso wakisikia besi. Muziki wa dansi bila gitaa la besi ni nyumba bila msingi. Anayezisikiliza kazi za Mbaraka Mwinshehe kupitia spika ya simu amesikia nusu ya kilichopigwa, kwa sababu kispika kile hakina uwezo wa kuzitoa sauti nzito. Waimbaji wa taarabu wa Unguja walipoyaweka madubwana ya besi za kusimama nyuma ya fidla na kanuni hawakuwa wakipamba jukwaa. Kwa hiyo kijana anayetamani sabufa anatamani jambo la haki. Anataka kuusikia wimbo kama ulivyo. Ninachokigombea ni kwamba haki hiyo hapewi. Anauziwa kitu kingine chenye jina lake.

Chumba ninachokizungumzia kinajulikana. Ni futi kumi kwa kumi, wakati mwingine kumi kwa kumi na mbili. Kitanda kimechukua upande mmoja, meza na ndoo upande wa pili, mtungi wa gesi nyuma ya mlango. Sakafu ni saruji, kuta ni saruji, juu ni bati. Katika nyumba nyingi mwenye nyumba hajaweka dari, na ukuta unaotenganisha vyumba unaishia pale paa linapoanzia, ukiacha uwazi mmoja ulioenea juu ya nyumba nzima. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamwambia pole. Huko ndiko sabufa inakokwenda kukaa. Nusu ya wanafunzi ninaowafundisha wamepanga vyumba vya aina hiyo kuzunguka chuo, na wengine wengi wamekulia humo.

Sasa twende dukani. Muhula uliopita nilifuatana na mwanafunzi wangu mmoja hadi Kariakoo. Bumu lilikuwa limeingia, naye alikuwa ametenga sehemu yake kwa ajili ya sabufa. (Sitaki kusikia mahubiri kwamba fedha ya mkopo ni ya vitabu tu, anayeyatoa hajawahi kukaa miezi minne katika chumba kimya akisoma takwimu.) Muuzaji alimtolea boksi lenye spika tatu ndogo, taa za rangi zinazocheza, na maandishi mbele: 10000W PMPO.

"Bosi, hii ni wati elfu kumi," alimwambia kijana. Kisha akanigeukia mimi: "Mzee, akiiwasha hii mtaa mzima utajua amenunua."

Nilimwomba aigeuze. Nyuma palikuwa na kibandiko kidogo, kilichochapwa kwa herufi za kumtafutia mtu miwani: volti 220 hadi 240, wati 60.

"Elfu kumi ziko wapi?"

"Hizo za nyuma ni za umeme, mzee. Za mbele ni za muziki."

Nimesoma nadharia za dola kwa zaidi ya miaka ishirini, nimewasoma watetezi wa kila aina ya utawala uliowahi kujitetea, na bado sijakutana na utetezi mfupi na uliotulia kama ule. Simlaumu yule kijana wa dukani. Ameambiwa hivyo na aliyemuuzia, naye aliambiwa na aliyeleta kontena. Ila tuupime utetezi wenyewe.

Nishati haizaliwi ndani ya boksi. Kinachotoka kama sauti kiliingia kama umeme, na sehemu kubwa yake hupotea njiani kama joto. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kuipa spika wati zaidi ya hizo kwa muda wowote wa maana. Kikiwa kimetengenezwa vizuri huenda kikaipa 40. Hizo PMPO zinadai kuwa ni kilele cha nguvu ya muziki, lakini hakuna kiwango cha kimataifa kinachosema kilele hicho kipimwe vipi, kwa muda gani, na sauti ikiwa imeharibika kiasi gani. Kila mwenye kiwanda anajichagulia. Akitaka elfu moja anaandika elfu moja, na wa jirani akiandika elfu tano, yeye mwakani anaandika kumi.

Asiyependa nadharia na aitazame plagi. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha kwa volti 230: unapata wati 2,990. Sabufa ya wati elfu kumi, kama ingekuwepo, ingeikata fyuzi kabla wimbo haujamaliza ubeti wa kwanza. Au tuipime kwa LUKU, kipimo ambacho kila mpangaji anakijua bila kwenda shule. Wati elfu kumi kwa saa moja ni uniti kumi. Anayefungulia muziki Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku angekuwa amekula uniti sitini, katika nyumba ambayo wapangaji sita wanachangia mita moja. Kikao cha nyumba kingeitishwa usiku uleule. Hakijawahi kuitishwa kwa sababu kila mtu, kwa mfuko wake, anajua kwamba zile wati hazipo.

Wala hazihitajiki, na hapa ndipo mnunuzi anapodanganywa mara ya pili, kwa sababu amefundishwa kwamba ukubwa wa wati ndio ubora. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu unahitaji kuzidisha wati takribani mara kumi. Spika ya kawaida inayotoa desibeli 87 kwa wati moja, umbali wa mita moja, ukiipa wati 40 za kweli inafika desibeli 103. Hicho ni kiwango cha kudhuru masikio ya aliye ndani ya futi kumi kwa kumi. Wati 40 zinamtosha na kumzidi. Debe tupu haliachi kuvuma. Hili letu limechapishwa na kiwango cha kuvuma kwake.

Msidhani kwamba udanganyifu huu ni kama mvua, kitu kisichozuilika. Marekani ilikuwa na vita vyake vya wati, kila kampuni ikibuni namna yake ya kupima ili namba iwe kubwa. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilitunga kanuni inayomlazimu anayetangaza nguvu ya amplifaya aitaje kwa kipimo cha nguvu endelevu na masharti yaliyo wazi. Kanuni hiyo imefanyiwa marekebisho mwaka 2024, nusu karne baadaye, kwa sababu wauzaji hawakuacha kutafuta mianya. Dola iliyoamua kuangalia iliendelea kuangalia.

Sisi tuna nini? Tuna Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha walaji na madai ya uongo juu ya bidhaa. Tuna Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Tuna Shirika la Viwango, TBS, lenye utaratibu wa ukaguzi wa bidhaa kabla hazijapakiwa melini. Ndugu zangu watumishi wa umma, najua jibu la kwanza litakalokuja: boksi limechapwa ng'ambo. Ni kweli, lakini limepita bandarini kwetu. Namba ya mbele inapingana na namba ya nyuma ya boksi hilohilo, na kuugundua uongo huo hakuhitaji maabara. Kunahitaji mkaguzi atakayeligeuza.

Tumeshapiga vita lumbesa. Wakala wa Vipimo wamekwenda hadi mashambani kukagua magunia, kwa sababu taifa lilikubali kwamba kumpunja mkulima kwa kipimo ni wizi. Na kwa mzani wa muuza nyama tuko macho vilevile. Ni vigumu kueleza kwa nini robo kilo iliyopungua buchani ni kosa, ilhali wati elfu tisa mia tisa na arobaini zilizopungua kwenye sabufa ni lugha ya biashara. Maelezo pekee ninayoyaona ni kwamba mnunuzi wa sabufa ni kijana wa chumba kimoja, na kijana wa chumba kimoja hana chama.

Hadi hapa nimesema juu ya uongo wa namba. Lakini hata kama boksi lingeandikwa ukweli mtupu, bado lisingefaa kwa chumba chetu, na sababu yake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza.

Katika joto la nyuzi 30, tulilolizoea Dar es Salaam, sauti husafiri takribani mita 349 kwa sekunde. Futi kumi ni mita 3.05. Wimbi ambalo nusu yake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili za chumba hicho lina urefu wa mita 6.1. Gawanya: mitetemo 57 kwa sekunde, yaani hezi 57. Sauti ikifika hapo chumba kinaacha kuwa chombo cha kusikilizia na kugeuka chenyewe kuwa ala. Kinaipokea noti hiyo, kinaikuza, na kinachelewa kuiachia. Na kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vinaimba noti ileile kwa pamoja. Kuta za saruji, ngumu na nzito, zinairudisha karibu yote. Uzi wa tatu wa gitaa la besi ukipigwa bila kubanwa una hezi 55. Hiyo noti na jirani yake wa juu zinavimba kama unga uliotiwa hamira, huku nyingine za chini na za juu zikinyauka. Gitaa la besi, ambalo kazi yake ni kutembea, linabaki limesimama mahali pamoja likiguguma. Anachokisikia kijana si besi ya wimbo. Ni besi ya chumba chake, nayo ni ileile kwa kila wimbo, uwe wa Msondo, wa kwaya au singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika.

Kuna jambo moja zaidi katika fizikia hii ambalo, kwa mtu wa taaluma yangu, lina uchungu wa kipekee. Katika mtetemo huo wa hezi 57, msukumo wa hewa ni mkubwa kabisa kwenye kuta na karibu sifuri katikati ya chumba. Aliyeketi kwenye kiti chake cha plastiki katikati anaona besi haitoshi, anapandisha. Bado haitoshi, anapandisha tena. Ukuta unaupokea msukumo wote ambao yeye haupati, na upande wa pili wa ukuta huo kuna mto, na juu ya mto kuna kichwa cha mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Ukuta wenyewe hauwezi kumsaidia: uwezo wake wa kuzuia sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila mitetemo inaposhuka nusu. Maneno ya mwimbaji yanazuiwa, gitaa la solo linazuiwa, kinachopita ni du, du, du. Jirani hapewi hata nafasi ya kuupenda wimbo.

Basi kijana anunue nini?

Kwanza ajiulize kama anahitaji sabufa. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, maoni yangu ni kwamba spika mbili zilizotengenezwa kwa uaminifu, zenye koni ya inchi tano, zinazoshuka hadi karibu hezi 60, zikikaa umbali mdogo kutoka ukutani, zitampa muziki zaidi kuliko boksi lolote lenye taa. Ukuta ulio karibu unaiongezea spika besi bila malipo. Najua ushauri huu haupendezi, kwa sababu spika hizo hazina cha kuonyesha mgeni akiingia.

Kama bado anaitaka, aachane na koni za inchi kumi na kumi na mbili. Inchi sita na nusu hadi nane inatosha. Achague boksi lililozibwa, si lenye tundu. Kishindo cha tundu kinavutia dukani, lakini chini ya noti ambayo tundu limepangiwa, sauti huanguka kwa desibeli 24 kila masafa yanaposhuka nusu. Boksi lililozibwa huanguka kwa desibeli 12, polepole, na chumba kidogo kilichofungwa kina tabia ya kuinua zile sauti za chini kabisa na kufidia sehemu ya anguko hilo. (Ukilala madirisha wazi, kama wengi wetu tunavyolazimika, sehemu ya fidia hiyo inatoka na upepo. Sina dawa ya joto.) Mengi ya matundu ya bei nafuu niliyoyasikia yanavuma palepale kwenye hezi hamsini na kitu, yaani yanaongeza chumvi kwenye chungu kilichokwisha kuzidi chumvi.

Aangalie nyuma ya boksi kabla ya mbele. Atafute wati zilizoandikwa RMS na azilinganishe na wati za umeme. Za RMS zikizidi za umeme, amrudishie mwenye duka. Ahakikishe besi ina swichi yake ya kuzungusha, peke yake, isiyofungamana na sauti nzima, na kama fedha inaruhusu, krosova anayoweza kuishusha hadi karibu hezi 80. Ile seti yenye vispika vya inchi tatu ina kasoro ya kuzaliwa. Vispika hivyo haviwezi kushuka chini, hivyo boksi hulazimika kuimba hadi juu ya hezi 150, mahali ambapo sauti za wanaume zimekwisha kuanza. Jaribio lake ni rahisi: weka taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume. Ukisikia msomaji anazungumza kutoka chini ya meza, usinunue.

Na asiamini kishindo cha Kariakoo hata kidogo. Duka lililo wazi upande wa barabara halina ukuta wa nne. Besi inatoka na kupotea mtaani, na muuzaji anapandisha ili iwepo. Sabufa hiyohiyo ndani ya kuta nne za saruji ni mnyama mwingine.

Ikifika nyumbani, isikimbilie kona. Aiweke juu ya kiti, pale anapoketi yeye kusikiliza, afungulie wimbo ambao besi yake inatembea, kisha apige magoti azunguke chumba akiwa ameshusha sikio karibu na sakafu. Patakuwepo mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa zaidi. Hapo ndipo sabufa ikae, hata kama ni nyuma ya ndoo. Kama kuna chaguo kati ya mahali pawili, achukue palipo mbali na ukuta wa jirani, na aweke vipande vya raba chini ya boksi, hasa anayekaa ghorofani. Raba haizuii sauti ya hewani. Inapunguza ule mtetemo unaotambaa kwenye sakafu.

Mwenzangu mmoja kazini, msomi mzuri, alinisikiliza mpaka mwisho akasema: "Dokta, unahangaika bure. Kelele ni utamaduni wa uswahilini." Nimelisikia neno hilo mara nyingi, kwa kawaida kutoka kwa watu waliokwisha kuhama uswahilini. Halina historia. Ngoma zetu zilikuwa na siku yake, uwanja wake, wenyewe na kikomo. Mtu alialikwa au aliarifiwa, na mchezaji alichoka. Mashine haichoki wala haialiki. Ukweli ni kwamba kelele ni suala la ardhi. Sauti iendayo hewani wazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, hivyo mwenye kiwanja, uzio na bustani amenunua ukimya pamoja na hatimiliki yake. Tajiri anaweza kuwa na mtambo mkubwa kuliko baa na bado akaitwa mpenda muziki. Mpangaji wa chumba hana mita za kutosha za kuwa mpenda muziki. Akifungulia kidogo tu, tayari ni mhuni.

Wapo wengine wanaotaka marufuku, hasa katika mabweni. Marufuku ni kazi ya utawala uliokwisha kushindwa kufikiri. Humkuta mwenye boksi dogo la wati 20 na mwenye dubwana la kona, akawanyang'anya wote wawili. Wanaosema vijana wavae hedifoni nao wana hoja, usiku zaidi, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na wengi wanaojifungia ndani ya hedifoni wanaupita mpaka huo bila jirani wa kuwagongea.

Halafu kuna dola. Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda faragha na makazi ya mtu. Ibara ya 30 inasema haki za mmoja zisitumike kuvunja za mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Mwaka 2023 NEMC ilizifungia baa na kumbi za starehe kadhaa kwa ajili ya kelele, na nilipongeza. Lakini mlalamikaji wa chumba cha tatu dhidi ya chumba cha nne anaanzia kwa mjumbe, anapelekwa kwa mtendaji, anaambiwa wakapatane. Akibahatika kumpata ofisa mwenye kipimo, anaingia katika mtego wa mwisho. Kelele, katika nchi nyingi duniani, hupimwa kwa mizani inayoitwa A, iliyotengenezwa kufuata sikio linavyosikia sauti za chini chini. Mizani hiyo hupunguza takribani desibeli 26 kutoka katika sauti ya hezi 63, na 30 kutoka katika ile ya hezi 50. Besi yenye nguvu ya desibeli 75 ndani ya chumba cha mlalamikaji inasomeka 45. Ofisa anatazama kioo, anaona namba ya upole, anamwambia mama wa watu kwamba hakuna kosa. Mama huyo hana wazimu. Sufuria zake zinatetemeka kabatini.

Kwa hiyo nadai mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Ofisa apime kwa mizani A na kwa mizani C, ambayo haikati besi kwa kiasi hicho. Tofauti kati ya namba hizo mbili ikiwa kubwa, ajue anachokisikiliza ni sabufa na aandike hivyo katika taarifa yake. Apime ndani ya chumba cha anayelalamika, si mlangoni kwa anayelalamikiwa. Halmashauri zinapotoa vibali vya nyumba za kupangisha, zidai ukuta kati ya vyumba ufike hadi kwenye bati. TBS wakatae boksi lolote ambalo namba yake ya mbele inazidi ya nyuma.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamepewa zoezi muhula huu. Kila mmoja apige picha mbili za sabufa moja, iwe yake, ya jirani au ya dukani kwa ruhusa ya mwenye duka: mbele palipoandikwa wati za muziki, na nyuma palipoandikwa wati za umeme. Picha hizo tutaziambatanisha na barua kwa Tume ya Ushindani, nakala TBS. Barua ina swali moja, kama namba hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja chini ya sheria ya mwaka 2003. Jibu likija nitalichapisha hapa neno kwa neno. Lisipokuja nitachapisha tarehe ya muhuri wa kupokelewa, na kila mwisho wa mwezi nitaongeza idadi ya siku.